Nani afungue mtutu: mwenye bunduki au fundi?

Mtutu wa bunduki ni kitu cha kuisha. Kila risasi inapotoka, moto wa baruti hulamba chuma pale mbele tu ya chemba, tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa kabla ya kupigwa. Baada ya maelfu ya risasi chuma hicho huwa na nyufa ndogondogo kama tope la bwawa lililokauka, mifereji inayoizungusha risasi imelika mwanzoni, na shabaha haikai tena. Mwindaji anayepiga risasi ishirini kwa mwaka anaweza kufa kabla ya kuliona hilo. Mlenga shabaha wa mashindano hulikuta kila baada ya misimu michache, na hapo ndipo anapojiuliza: niufungue mwenyewe nyumbani na kufunga mpya, au nimpelekee fundi?

Nchini Marekani kuna watu wanaobishana juu ya hili kwa hasira kabisa, na ubishi wenyewe una mizizi katika bunduki moja. Mwaka 1958 kampuni ya Savage ilitoa bunduki ya komeo, yaani inayofungwa nyuma ya chemba kwa komeo la kusukuma kwa mkono, iitwayo 110, iliyobuniwa na Nicholas Brewer. Kabla yake, bunduki nyingi za komeo zilikuwa na mtutu wenye bega, yaani ngazi ndogo iliyokatwa kwenye chuma chake. Mtutu unaingia kwa nyuzi, kama za skrubu, mpaka bega linagota kwenye mwili wa bunduki, kile chuma kinachobeba komeo, basi. Ukitaka kuweka mwingine, lazima fundi aukereze, akate bega na chemba kidogokidogo hadi vipimo vikubali. Brewer aliondoa bega akaweka nati. Mtutu unazungushwa mbele au nyuma hadi pale unapotakiwa, kisha nati inakazwa kuushika hapo. Kiwandani lengo lilikuwa kupunguza gharama ya kukata vipimo vya karibu sana. Miaka mingi baadaye watu wakagundua kwamba ile nati imewafungulia mlango: ukiwa na spana ya nati, jiliwa na vipimo viwili, yaani vipande vya chuma vya kuingiza kwenye chemba, unaweza kubadilisha mtutu mezani kwako.

Vipimo hivyo viwili ndiyo roho ya kazi yote. Kinachopimwa ni umbali kutoka uso wa komeo hadi mahali ganda la risasi linapogota ndani ya chemba. Mimi nitauita kina cha chemba. Kwa risasi ya .308 Winchester, kipimo cha kwanza kina inchi 1.630 na komeo lazima lifunge juu yake. Cha pili kina inchi 1.634, na komeo lisifunge. Tofauti ni inchi 0.004, yaani milimita 0.1, unene wa karatasi moja ya ofisini. Kina kikipungua, komeo linagoma kufunga, nawe umepoteza muda tu. Kikizidi, ganda la shaba linavutwa hadi linaweza kukatika karibu na kitako, na gesi yenye msukumo unaoweza kufika bar 4,150 inatafuta njia ya kutokea, kuelekea kwenye jicho la mpigaji.

Wanaotetea kazi ya nyumbani wana hoja ambayo siwezi kuipuuza. Wanasema kipimo hakijali kimeshikwa na nani. Chuma cha 1.634 kinapokataa, kimekataa, awe fundi wa miaka thelathini au mwalimu wa shule aliyejifunza jana. Wana hoja nyingine nzuri zaidi: mwenye bunduki hana haraka. Fundi ana bunduki kumi zinazomsubiri kwenye rafu. Mwenyewe anaweza kulitoa komeo, akavua springi na kishika ganda ili asihisi kitu kingine chochote, kisha akashusha mkono wa komeo kwa kidole kimoja na kusikiliza chuma kinapokutana na chuma. Anaweza pia kupima tena baada ya kukaza nati, jambo ambalo wengi husahau. Nati inapokazwa huuvuta mtutu mbele kiasi cha ulegevu wa nyuzi, na kina kilichokuwa sawasawa dakika moja iliyopita kinaongezeka kidogo.

Lakini kipimo kinapima urefu peke yake. Hakitakuambia kama chemba imekatwa upande, wala kama meno yote mawili ya komeo, yanayolishikiza mwilini risasi inapolipuka, yanabeba mzigo au ni moja tu linalofanya kazi. Hakitakuambia kwamba mwili wa bunduki umepindwa kwa msokoto wakati wa kufungua. Na katika kufungua, kuliko kufunga, ndiko bunduki nyingi zinakoharibikia.

Tazama kazi ilivyo. Mtutu unabanwa kwenye jiliwa kati ya vipande viwili vya alumini au mbao ngumu vilivyochimbwa kwa umbo lake, na hapo katikati inanyunyizwa unga wa ulimbo wa msonobari ili usiteleze. Ukiteleza, unaacha mkwaruzo unaozunguka mtutu mzima. Spana kubwa inashika mwili wa bunduki, nayo ishike pete ya mbele, pale nyuzi zilipo. Anayeishika kwa nyuma, au anayeingiza chuma kwenye tundu la kutolea maganda na kukisukuma, anausokota mwili kabla nyuzi hazijaachia. Hataliona hilo kwa macho, ataliona siku darubini itakapokataa kunyooka.

Kuna bunduki ambazo hata mtu mwenye zana zote anapaswa kuziogopa. Kiwanda cha Eddystone, Pennsylvania, kilitoa bunduki za M1917 kwa wingi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na mitutu yake inajulikana kwa kukazwa kupita kiasi. Asiyejua huongeza bomba refu kwenye spana na kulalia kwa uzito wake, na mwili unapasuka, mara nyingine kwa ufa usioonekana. Fundi anayejua huiweka bunduki kwenye mashine ya kukereza, akakata mfereji mwembamba kwenye mtutu mbele kidogo ya mwili. Mtutu ule si wa kutumika tena hata hivyo. Bega likishapoteza mshiko, nyuzi zinaachia kwa mkono wa kawaida. Maarifa hayo huyanunui pamoja na spana.

Sheria nazo zimegawanyika vivyo hivyo. Marekani, sheria ya silaha ya mwaka 1968 inahesabu mwili kuwa ndiyo bunduki, kwa hiyo mtutu mtupu ni kipuri kama vipuri vingine, mradi bunduki isishuke chini ya inchi 16 za mtutu bila usajili maalumu. Uingereza, sheria ya mwaka huohuo 1968 inauhesabu mtutu wenyewe kuwa sehemu inayohitaji kibali. Tena kuna nyumba za majaribio, zinazopima uimara wa bunduki kwa kuipiga risasi kali, ya London iliyo chini ya chama cha mafundi bunduki chenye hati ya mwaka 1637, na ya Birmingham ya 1813. Bunduki iliyobadilishwa mtutu haiuzwi mpaka ijaribiwe upya. Kwa kanuni za kimataifa wanazofuata wao na Ujerumani, bunduki za aina hii hupigwa risasi mbili zenye msukumo wa asilimia 25 juu ya kikomo, halafu mtutu, mwili na komeo vinakaguliwa na kugongwa muhuri.

Wamarekani wengi huona utaratibu huo ni usumbufu wa serikali. Mimi naona ndiyo sehemu bora ya mjadala mzima, na ningependa mafundi wa nyumbani wauonee wivu. Nyumba ya majaribio haiulizi nani alikaza nati. Inauliza kama chuma kinashika. Hapo hoja ya "kipimo hakijali kimeshikwa na nani" inapata ukamilifu wake, kwa sababu risasi ya majaribio inapima yale ambayo kipimo cha urefu hakiyagusi.

Kwa hiyo bunduki ya nati, ambayo mwili wake ni mzima na mtutu mpya umetoka kwa mkataji anayeaminika, ningeifungua mwenyewe bila kusita. Bunduki ya bega ningempa fundi mwenye mashine. Ya Eddystone ningempa fundi aliyewahi kuzifungua nyingine kabla yake. Na pale pasipo nyumba ya majaribio, risasi ya kwanza ningeipiga bunduki ikiwa imefungwa kwenye tairi na kamba ndefu ikivuta kifyatulio, kisha ningelichukua ganda, nikunje ncha ya waya mwembamba, niiingize ndani na kuiburuta taratibu kutoka kitako kuelekea mdomo. Ganda zima linateleza. Ganda lililovutwa lina mfuo karibu na kitako, na waya unakwama pale pale.