Uso wangu na chumvi puani

Hapa Bukavu majirani wameniita Papa Siri, na jina limenikaa. Kwenye kibanda cha pesa za simu nabonyeza nambari ya siri nikiwa nimejifunika koti zima, mpaka kijana wa kibanda anauliza kama tumbo linaniuma. Nyumbani watoto wameshakariri wimbo wangu: nambari sita zikikujia kwa ujumbe, hata mama mzazi asizijue, tarehe ya kuzaliwa haiwekwi Facebook. Mimi yangu naificha kwa sababu nyingine pia, lakini hiyo tuiache kwanza.

Nilikwenda kusajili laini mpya, wakataka fotokopi ya kadi ya mpiga kura, maana kwetu Kongo hiyo ndiyo kitambulisho cha kila jambo. Pale Nyawera umeme ulikuwa unachezacheza. Mashine ikatoa karatasi mbili zenye mistari myeusi, kijana akazitupa katonini: "Hizi zimeharibika, Papa." Nikaificha ile nzuri ndani ya shati, nikaondoka kifua mbele.

Siku tatu baadaye nanunua karanga kwa mama mmoja barabarani. Natafuna, natafuna, jicho linaniangalia. Nikaigeuza ile karatasi iliyosokotwa: uso wangu, nambari ya kadi, na chumvi puani. Majina na tarehe hayamo. Karatasi ilikatwa vipande viwili.

"Mama, karatasi hii umeitoa wapi?"

"Wananiuzia kwa kilo. Papa, unakula ama unasoma?"

Nikanunua sinia zima. Nyumbani nikafungua kimoja kimoja: mtihani wa hesabu, hati ya ndoa ya watu nisiowajua, barua ya kuomba kazi yenye sahihi maridadi kabisa. Vipande vyangu vikapatikana vitatu kati ya vinne, nikavitia kwenye mbabula, jiko letu la makaa, kabla mke wangu hajageuka. Karanga tulizila siku nne, kwenye sombe, kwenye bugali, hata na chai.

Jumamosi tunatafuta pikipiki, mke wangu akapanda ya kwanza. Motari alikuwa analamba chumvi vidoleni. Akaniangalia, akatazama kikaratasi chake, akaniita kwa majina yangu matatu, pamoja na lile la babu.

"Papa! Kumbe wewe ni wa 1969?"

Mke wangu, ambaye tangu uchumba anajua mimi ni wa 1978, akashuka polepole.