Fungueni hiyo bahasha, kuna maktaba yetu humo

Jana jioni nimepita kwa ndugu yangu mmoja hapa Gresham, Oregon, kumpelekea mchele, nikaikuta bahasha yake ya kura ya posta iko mezani chini ya sufuria, hata kufunguliwa bado. Namuuliza, kaka, hii vipi? Ananijibu, rais nishajua nani, hayo mengine ya maktaba siyo yetu, ni ya wazungu wenye nyumba. Watoto walikuwepo nikanyamaza, ila usiku sikulala vizuri.

Siyo yetu kivipi jamani? Hoja namba 26-211, tunayoipigia kura Novemba hii ya 2020, inaomba kaunti yetu ya Multnomah ikope dola milioni 387 kujenga na kupanua maktaba, na iliyo kubwa kati ya hizo mpya inakuja huku huku mashariki, ukubwa wake unakaribia ile maktaba kuu, Central, ya mjini Portland. Central ipo tangu 1913! Sisi wa mashariki ni kama asilimia 40 ya watu wa kaunti nzima, halafu nafasi ya maktaba tuliyonayo ni asilimia 20 tu. Mimi hesabu hiyo nimeiishi. Mwaka ule nasomea mtihani wa uraia nilikuwa natoka kazini alfajiri, naoga, nakwenda maktaba na mwanangu wa mwisho, kompyuta zimejaa, naandikisha jina nasubiri, mtoto kakaa chini katikati ya rafu maana viti vyote vina watu, na bado tulirudi kesho yake na keshokutwa, kwa sababu hapakuwa na sehemu nyingine ya kukaa na mtoto bila kununua kitu na bila mtu kukuuliza unatafuta nini. Fomu zangu zote nimeziprinti pale. Kiingereza cha mwanangu kimeanzia pale sakafuni.

Gharama ni senti 61 hivi kwa kila dola 1,000 za thamani ya nyumba iliyokadiriwa na kaunti, kwa hiyo nyumba ya laki mbili ni dola 122 kwa mwaka. Sawa, korona imewatoa watu kazini, na mwenye nyumba anaweza akakupandishia kodi ya pango kwa kisingizio hicho, hilo siwezi kulikataa. Ila watoto wanaosomea kwenye simu ya mama yao tangu shule zifungwe, wao tuwaambie wasubiri mpaka lini?

Na kuna wenzetu wengi wana grini kadi tu, hawaruhusiwi kupiga kura, watoto wao wanasoma na wetu. Sisi tulioapa uraia ndo sauti yao. Inaniuma sana ukiiweka chini ya sufuria.

Mwisho ni tarehe 3 Novemba 2020 saa mbili usiku. Stempu haihitajiki, lakini saini yako lazima iwe kwenye bahasha, na ukichelewa usiiposti maana mwaka huu wa 2020 inatakiwa iwe imefika kabla ya saa hiyo, ipeleke kwenye sanduku la kura, mengine yako nje ya maktaba zenyewe. Jumamosi nipo nyumbani mchana kutwa, anayetaka tusome pamoja kile kijitabu cha wapiga kura aje. Kaka, na wewe njoo na bahasha yako.