Kiboko Yule Hakuwa na Usingizi

Wiki iliyopita kuna picha ya kiboko iliyozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka ikanifikia mara nne kwa siku moja. Kiboko kafungua domo lote, chonge zimesimama, maji yanamchuruzika kidevuni, na chini yake mtu kaandika: “Mimi Jumatatu saa mbili asubuhi.” Watu wamecheka sana. Mimi tumbo lilinikaza, kwa sababu aliyeipiga alikuwa ndani ya mtumbwi. Ubao wa ukingo unaonekana kabisa kwenye kona ya chini kushoto.

Kiboko hafungui kinywa namna ile kwa sababu ya usingizi. Anaonyesha silaha. Anakuambia umeshasogea vya kutosha, rudi ulikotoka. Chonge zake za chini huweza kufika nusu mita, na mnyama mwenyewe mzito kuliko gari dogo. Mtumbwi wa mti mmoja kwake si kitu. Muulize mvuvi yeyote wa Rufiji. Atakwambia kwamba kiboko akipiga mwayo, unageuza kafi kwanza, maswali baadaye.

Na si kiboko peke yake. Sokwe akikunja midomo na kutoa meno yote, sisi tunasema anacheka, kumbe mara nyingi ni hofu. Nyani dume akipiga mwayo huku anakutazama, anakuhesabia chonge zake. Picha za namna hii zimejaa kwenye kalenda na kadi za salamu, na kila moja ni onyo lililobandikwa maneno ya furaha.

Kazi yangu ni picha, miaka kumi na sita sasa. Harusi zaidi, na mara chache mbugani nikipata mteja. Mbugani ndiko nilikojifunza kusikiliza. Dereva wa watalii hamtafuti chui kwa macho tu. Anasubiri tumbili wapige kelele, au swala wakorome wote wakitazama kichaka kimoja. Kule Amboseli, watafiti Seyfarth, Cheney na Marler walirekodi sauti za tumbili, wakawapigia wenyewe kwa spika, wakachapisha waliyoyaona mwaka 1980: sauti ya chui, tumbili wanakimbilia juu ya miti, sauti ya tai, wanatazama juu, sauti ya nyoka, wanasimama na kuchungulia majanini. Kila onyo lina upande wake wa kutazama, na wao wanatazama upande huo huo. Nikiwa mbugani na mimi hufanya hivyo. Nikirudi mjini nasahau.

Sasa niseme jambo ambalo sijawahi kuliandika.

Siwezi kuwahesabu maharusi niliowapiga picha pale Forodhani, migongo yao ikielekea Beit al-Ajaib. Kila bibi harusi wa Unguja aliitaka ile picha, na wa Dar walivuka bahari kuifuata. Jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, roshani zake tatu, nguzo za chuma, mnara wa saa juu. Jioni jua likipiga ule weupe, huhitaji taa. Mwaka 2012 sehemu ya jengo iliporomoka. Tukasikitika, tukasogeza maharusi hatua chache ili ile sehemu isiingie kwenye fremu, tukaendelea.

Tarehe 25 Desemba 2020, wakati mafundi wako ndani wakilikarabati, upande mzima wa mbele ulishuka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili walikufa. Usiku ule sikulala. Nilitoa diski ya zamani nikaanza kufungua harusi moja baada ya nyingine. Sikuwa natazama maharusi. Nilikuwa natazama nyuma ya mabega yao.

Yote yalikuwamo. Doa la maji limeshuka kutoka paani, na kila mwaka limeteremka zaidi. Chokaa imebanduka, jiwe la matumbawe linaonekana. Kwenye harusi moja kuna mche wa mtini umeota katika ufa, majani matano, mabichi, yanang’aa. Mwaka uliofuata, harusi nyingine, mche ule ule umeshakuwa tawi. Mtini ukishashika ukuta wa chokaa hauoti juu tu. Mizizi inaingia ndani na kupanua njia ya maji.

Halafu nikafungua nakala nilizowakabidhi wateja. Mtini haumo. Doa halimo. Niliufuta ule mti kwa mikono yangu mwenyewe, kwenye kompyuta, jani moja baada ya jingine, kwa sababu ulikuwa unaharibu picha. Kazi safi sana. Mteja alinishukuru.

Sidai kwamba picha zangu zingelishikilia jumba. Waliokuwa na dhamana ya jengo walijua hali yake bila kunihitaji mimi. Lakini fikiria ni wangapi tulisimama pale na kamera kila jioni, miaka nenda rudi. Tulikuwa na kumbukumbu ya ukuta ule ya mwaka kwa mwaka, kutoka sehemu ile ile, na hakuna aliyeitazama hata mara moja kama kumbukumbu ya ukuta. Tuliofanya hivyo ndio tunaojiita watu wa macho.

Kariakoo, Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024, ghorofa lilipoanguka na kuua watu zaidi ya ishirini, simu zilikuwa hewani kabla vumbi halijatua. Tuna video za kila pembe za baada. Za kabla, ziko wapi? Watu wameuza na kununua mle ndani kila siku, kila mmoja na kamera mfukoni.

Mtu atasema nyufa ziko kila nyumba. Kweli, na nakubali ingawa sipendi. Nyufa nyembamba zilizosambaa kwenye plasta kama utando wa buibui mara nyingi ni plasta tu iliyokauka haraka. Nakubali pia kwamba mpangaji wa chumba kimoja anaweza kuliona onyo vizuri kabisa na asiwe na pa kwenda. Na ukipiga picha baadhi ya majengo unajua mwenyewe: mlinzi anakuja, kibali kiko wapi, wewe ni nani. Hayo yote yapo. Lakini ufa unaokatiza mshazari kutoka pembe ya dirisha na kuzidi kupanuka si wa plasta. Nguzo inayotoa machozi ya kutu na kumeguka zege si ya plasta. Huku pwani chumvi inaifikia nondo, nondo inakula kutu, kutu inavimba na kulisukuma zege mpaka lipasuke. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri na sasa unakwama, jiulize ni mlango umevimba au fremu imehama.

Kila mtu anaijua ile methali ya ufa na ukuta. Imeandikwa kwenye khanga, tuliiimba shuleni. Tatizo ni jinsi tulivyolielewa neno kuziba. Tunachukua simenti kidogo, tunapaka, tunapiga rangi juu, na onyo limenyamazishwa. Ukuta bado unakwenda ulikokuwa unakwenda, ila sasa hauonekani.

Mwaka jana niliuona wa kwangu. Ngazi za nyumba ninayopanga, ghorofa ya kwanza, ufa umeanzia chini ya dirisha na kushuka mshazari. Nilimwendea mama mwenye nyumba.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Kodi si mwezi ujao?”

“Si kodi, mama. Nimekuja kukuonyesha picha.”

Alitazama kwenye simu, akasema kile nilichojua atasema: fundi atakuja kupaka. Nikamwomba asipake. Nikamwomba miezi mitatu tu. Alinitazama kama mtu aliyeombwa aache jeraha wazi, lakini alikubali, kwa heshima ya muda niliokaa pale.

Nilichofanya si ufundi wa ajabu. Nilichora mstari mwembamba wa kalamu kwenye ncha ya ufa, nikaandika tarehe pembeni. Nikashikilia sarafu ya shilingi 200 juu ya ufa, upande wa simba, ili ukubwa uonekane. Nikaweka alama ya chaki sakafuni pa kusimamisha miguu. Kila tarehe moja ya mwezi, saa moja asubuhi, nasimama pale pale, urefu ule ule. Picha ya asili naihifadhi kwenye diski, kwa sababu ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida inabanwa na ile kumbukumbu ya siku na saa iliyopigwa inapotea, na bila tarehe huna kitu cha kumwonyesha mtu.

Mwezi wa pili ufa ulikuwa vilevile. Mwezi wa tatu ulikuwa umevuka mstari wa kalamu kwa upana wa ukucha.

Nilichapisha picha zote tatu kwenye karatasi moja, nikampelekea mama. Safari hii hakutaja fundi wa rangi. Aliivaa miwani yake, akaweka kidole kwenye sarafu ya kwanza, akakihamisha kwenye ya pili, akakihamisha kwenye ya tatu. Akarudi kwenye ya kwanza. Kisha akamwita kijana wake aliye chumbani, “Njoo hapa uone ngazi,” na kesho yake akaja mhandisi, akachimba pembeni mwa msingi, akakuta bomba la maji taka limepasuka na udongo wote wa chini umelowa.

Bomba limebadilishwa. Mhandisi anasema tuangalie miezi sita kabla ya kuziba. Keshokutwa ni tarehe moja. Sarafu iko juu ya friji, na mama ameshaniuliza mara mbili kama nitaamka mapema.