Kubadilisha draiva ndiyo kazi ndogo

Shirika likiamua kuhama kutoka kanzidata ya Oracle kwenda ya PostgreSQL, hakosekani mtu kikaoni wa kusema: "Programu zetu ni za Java, tunabadilisha draiva tu." Kauli hiyo huvuruga ratiba, na naomba sana tuache kuwaambia hivyo wanaopanga bajeti.

Ni kweli JDBC ipo ndani ya Java tangu 1997 ili programu iongee na kanzidata yoyote kwa njia ileile. Unatoa faili la ojdbc, yaani draiva ya Oracle, unaweka la PostgreSQL, unabadilisha anwani, programu inawaka. Lakini draiva ni tarishi tu. Anayeusoma ujumbe na kuamua ni kanzidata.

Tuseme mteja hakujaza jina la kati na Java ikatuma maandishi matupu. Oracle huyageuza kuwa NULL, yaani hakuna thamani; PostgreSQL huyahifadhi matupu vilevile. Ripoti inayotafuta wasio na jina la kati kwa IS NULL itawapata wateja wa zamani na kuwaruka wapya wote, na kwenye logi hakuna kosa hata moja. Hili ndilo linalonitia hofu. Programu ikigoma kuwaka, mtaihangaikia siku hiyohiyo; takwimu zilizopungua kimyakimya zinaweza kupita miezi kabla mtu hajauliza.

Miamala, yaani mafungu ya amri zinazokubaliwa au kufutwa kwa pamoja, nayo ina yake. Waliozoea Oracle huandika hivi: jaribu INSERT (kuingiza rekodi mpya), ikikataliwa kwa kuwa rekodi ipo, kamata kosa, fanya UPDATE (kubadilisha iliyopo), songa mbele. Kwa PostgreSQL, amri moja ikifeli muamala wote unakwama mpaka ufanye rollback, yaani kutengua yaliyofanyika. Draiva yake ina mpangilio wa autosave, ila ukiuwasha kwa kila amri unaongeza savepoint (alama ya kurudia amri ikifeli) kila mara na kasi inashuka. Bora kuandika upya kwa ON CONFLICT, inayoieleza INSERT la kufanya rekodi ikiwa ipo tayari.

Halafu kuna kumbukumbu (RAM) ya seva inayoendesha programu. Draiva ya Oracle, usipoielekeza, huvuta rekodi 10 kwa mkupuo. Ya PostgreSQL huleta jibu zima, isipokuwa uzime autocommit (kila amri kuwa muamala wake) na kuweka fetch size (idadi ya rekodi kwa mkupuo). Ripoti kubwa iliyokuwa ikipita vizuri inaweza kuiangusha programu.

Kwa hiyo kabla ya kutaja tarehe ya kuhama, endesha programu juu ya nakala ya data halisi kwenye kanzidata zote mbili, ripoti kwa ripoti, ulinganishe majibu. Siku za kazi hiyo ziandikwe kwenye bajeti kwa jina lake.