Kabla hujapuliza dawa, mwite mtoto

Mwanangu wa darasa la tatu alirudi na mchoro wa maisha ya mbu: yai, lava, pupa, mbu kamili, vyote vimepakwa rangi, na alama 10 kwa 10. Nikamwuliza kama amewahi kumwona kiluwiluwi, yaani hiyo lava yenyewe. Hajawahi. Na pipa letu la maji, hatua nne kutoka alipokaa, lilikuwa limewajaa.

Hapo ndipo ugomvi wangu na masomo yetu ya sayansi ulipo. Mdudu yupo nyumbani, halafu mtoto anafundishwa kumchora.

Tuliteka maji kwa kikombe, tukamimina kwenye kopo tupu la siagi ya karanga, juu tukafunga kipande cha chandarua kuukuu kwa mpira. (Usisahau chandarua, utakuwa unafuga mbu.) Viluwiluwi walining'inia kichwa chini, mkia umegusa uso wa maji. Ukigonga kopo wanazama kwa kujinyonganyonga, kisha wanapanda tena, mmoja mmoja. Mtoto alikaa pale karibu nusu saa, yeye ambaye kwenye chakula hatulii. "Mama, wanapumulia mkia!"

Ni kweli, mkiani wana kimrija cha hewa. Wale wa mbu wa malaria hawana mrija huo, hulala sambamba na uso wa maji. Kwa hiyo wetu hawakuwa wa malaria, ila nisingefurahi sana: mbu wa dengi naye anapenda mapipa, na Dar es Salaam tunaijua dengi, ilitulipukia 2014 na 2019.

Baada ya siku chache wengine wakawa pupa, wamejikunja kama alama ya mkato. Asubuhi moja tukamkuta mbu amesimama juu ya gamba lake kama mtu kwenye mtumbwi.

Kopo la pili tulilitia tone la mafuta ya kupikia. Kesho yake wote wamekufa, na hakuna aliyehitaji kuelezwa sababu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 huko Makunduchi, Unguja, walimwaga vyooni punje nyepesi za plastiki, jamii ya lile povu linalofungashiwa televisheni, zikatanda juu ya maji na kuwazuia mbu wanaoeneza matende wasizaliane. Mtoto wa miaka tisa aliielewa mbinu hiyo papo hapo, kwa sababu ya kopo.

Sisimizi tumewafanya pia: futa mstari wao kwa kidole chenye maji ya sabuni uone wanavyopotea njia. Mende nimemwachia baba yake. Siwezi.

Sasa pipa letu lina mfuniko, na anayelikagua si mimi. Tatizo amehamia mapipa ya wengine. Juzi alimwamkia mama mwenye nyumba kwa adabu zote, "Shikamoo bibi," kisha, mbele ya wageni wake, akamwomba ruhusa ya kuchungulia pipa lake na tochi ya simu.