Maini, Viazi vya Njano na Wiki ya Nne ya Mimba

Jumapili asubuhi, kwenye bucha moja karibu na soko la Kibuye, Kisumu, mama mmoja wa makamo alikuwa ameagiza nusu kilo ya maini. Mkaza mwanawe, mwenye mimba ambayo bado haijajitokeza, akamvuta leso kidogo. "Mama, nimesoma kwa simu kwamba maini si mazuri kwa mimba." Mama hakugeuka hata. "Hiyo simu imezaa wangapi?" Mwenye bucha akacheka huku akiendelea kukata.

Nami nilicheka. Lakini swali lilinifuata hadi nyumbani, kwa sababu wote wawili walikuwa na hoja. Kliniki zetu huwahimiza wajawazito kula maini ili waongeze damu, na kweli maini yana madini ya chuma. Uingereza, kwa upande wake, imekuwa ikiwaonya wajawazito wasiyale tangu mwaka 1990, kwa hofu kwamba vitamini A ikizidi humdhuru mtoto tumboni. Gramu 100 za maini ya ng'ombe yaliyopikwa huweza kupita yuniti 25,000 za vitamini A, ilhali kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani huruhusu mjamzito kupewa kwa siku kama nyongeza ni yuniti 10,000.

Ili kuelewa ugomvi huu, inabidi tuingie tumboni, kwenye wiki ya tatu na ya nne baada ya mimba kutunga. Mgongoni mwa kiinitete, yaani mtoto anayeanza kuumbika, kuna utando unaojikunja hadi kingo zake mbili zikutane na kuwa mrija, ambao baadaye utakuwa ubongo na uti wa mgongo. Pale kingo zinapokutana huchomoka seli ambazo Wilhelm His aliziona kwa mara ya kwanza katika kiinitete cha kuku mwaka 1868. Leo tunaweza kuziita seli za ukingo wa neva. Hazikai zilipozaliwa. Husafiri, na kila kundi lina mahali pake pa kushukia. Kuna zinazojenga mifupa ya uso na taya, zinazotoa rangi ya ngozi, zinazokuwa neva za utumbo, na zinazoshuka hadi moyoni kugawanya mshipa mkubwa mmoja kuwa miwili.

Yeyote aliyewahi kusimama stendi ya mabasi Kisumu asubuhi anaijua picha hii: abiria wamejaa, magari ya Busia, Kakamega na Siaya yamepangana, na makanga anapaza sauti ili kila mtu apande lake. Katika kiinitete, mmoja wa makanga hao ni asidi ya retinoiki, ambayo mwili huitengeneza kutokana na vitamini A. Huingia ndani ya kiini cha seli, hushika vipokezi vilivyogunduliwa mwaka 1987 na makundi ya Pierre Chambon huko Ufaransa na Ronald Evans huko Marekani, kisha huwasha jeni zinazoiambia seli iko sehemu gani ya mwili. Kinachonishangaza zaidi ni jinsi sauti hiyo inavyodhibitiwa. Kimeng'enya kimoja huitengeneza asidi hiyo upande wa shingo na kiwiliwili, na vimeng'enya vingine huivunjavunja upande wa kichwa ili kule kubaki kimya. Ikizidi, ukimya wa kichwani huvunjika, na seli zilizokuwa za taya hupewa anwani ya sehemu ya nyuma zaidi. Nyingine hufa njiani.

Wanaotetea vitamini A wana ushahidi wa zamani na mzito. Mwaka 1933, Fred Hale wa Texas aliripoti kuhusu nguruwe aliyelishwa chakula kisicho na vitamini hiyo akazaa watoto 11, wote bila macho. Katika miaka ya 1940 Josef Warkany na James Wilson waliwanyima panya vitamini A wakati wa mimba, wakaona kasoro za moyo na mishipa yake mikubwa, yaani palepale seli za ukingo wa neva zinapofanya kazi. Makanga akikosekana, watu hubaki stendi. Kwa hiyo anayemwambia mjamzito akimbie kila chenye vitamini A anampeleka kwenye shimo la upande wa pili. Mjamzito aliyepungukiwa sana hupapasa njia giza likiingia, na hapo nyongeza hupendekezwa kweli.

Watu wa magharibi mwa Kenya wamelijua hilo kwa vitendo. Kati ya 2009 na 2014, mradi wa Mama SASHA uliwapa wajawazito wa Busia na Bungoma vocha walipofika kliniki, nao wakazibadilisha kwa mbegu za viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Lilikuwa wazo zuri kuliko tunavyolipa sifa. Rangi ile ni ya beta-karotini, malighafi ambayo mwili hugeuza kuwa vitamini A kwa kiasi unachohitaji. Ukizidisha, viganja huweza kuwa vya njano, lakini makanga haongezi sauti. Ndivyo ilivyo pia kwa mboga zetu za kienyeji: apoth, osuga, dek na kunde. Pale Kibuye mama muuza rabuon, yaani viazi vitamu, hukipasua kiazi mbele yako uione rangi, na kwa mjamzito rangi ile haina tishio.

Upande wa pili nao haukuanzia kwenye simu. Sidney Cohlan aliwapa panya wenye mimba vitamini A kupita kiasi mwaka 1953, wakazaa watoto wenye ulemavu. Kwa wanadamu, somo lilikuja na dawa ya chunusi sugu, isotretinoini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1982. Ni ndugu wa karibu wa asidi ya retinoiki, na onyo la ujauzito lilikuwapo tangu mwanzo. Hata hivyo, kufikia 1985 Edward Lammer na wenzake walikuwa wamekusanya taarifa za mimba 154 zilizokutana na dawa hiyo, na watoto 21 kati yake walikuwa na kasoro kubwa: masikio madogo au yasiyokuwapo kabisa, taya dogo, mishipa ya moyo iliyopangika vibaya, tezi ya thaimasi isiyokua, ubongo ulioathirika. Ukiondoa ubongo, orodha hiyo ni kama ramani ya safari ya seli za ukingo wa neva.

Kuhusu dawa, basi, hakuna ubishi. Ubishi uko kwenye chakula na vidonge vya kawaida. Mwaka 1995 Kenneth Rothman na wenzake walichapisha uchunguzi wa wanawake zaidi ya 22,000 wa Marekani, wakasema kati ya waliomeza zaidi ya yuniti 10,000 kwa siku za vitamini A iliyokamilika (si beta-karotini), mtoto mmoja kati ya 57 alipata kasoro iliyotokana na vidonge hivyo. Takwimu hiyo ilitisha wengi. Tatizo ni kwamba waliokuwa kwenye kundi la dozi kubwa walikuwa mia chache tu, na wapo walioupinga hata uamuzi wa kasoro ipi ihesabiwe kuwa ya ukingo wa neva. Miaka miwili baadaye James Mills na wenzake walitafuta uhusiano huo katika dozi za wastani, wasiuone.

Mimi nasimama wapi? Kipande cha maini mara moja kwa juma katika nyumba ambayo nyama yenyewe ni ya kubahatisha hakinikoseshi usingizi. Maini kila siku katika miezi mitatu ya kwanza, pamoja na mafuta ya ini la samaki kwa kijiko na vidonge vya kuongeza nguvu vya kununua dukani, hapo ningemuunga mkono mkaza mwana. Damu inaweza kutafutwa kwenye maharagwe, mboga na vile vidonge vya chuma na foliki vya kliniki, ambavyo havina vitamini A kabisa.

Isisahaulike pia ile kapsuli nyekundu ambayo watoto wa mwaka mmoja hadi miaka mitano hukatiwa ncha na kukamuliwa mdomoni wakati wa kampeni ya afya ya Malezi Bora, Mei na Novemba. Ina yuniti 200,000, mara 20 ya kiwango cha siku cha mjamzito. Zamani akina mama nao walipewa dozi hiyo baada ya kujifungua, lakini ndani ya wiki sita hadi nane tu, kwa hofu kwamba baadaye anaweza kuwa ameshika mimba nyingine bila kujua. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani liliacha kuwapendekezea, kwa kuwa manufaa hayakuonekana.

"Bila kujua" ndiyo kiini cha jambo lote. Wiki ya nne ikipita, mwanamke huenda anahesabu tu kwamba hedhi imechelewa wiki mbili hivi. Wengi wetu huku huanza kliniki mimba ikiwa imevuka miezi mitatu, na wakati huo seli zile zilishashuka vituo vyao zamani. Onyo la vitamini A linalotolewa kliniki linamkuta mama aliyekwisha kupita mahali pa hatari. Linapaswa kutolewa duka la dawa, kwa msichana wa miaka 22 anayetaka kuondoa chunusi na ambaye neno "mimba" halimo kichwani mwake.

Nilipita duka kama hilo mjini, nyuma yangu kukiwa na foleni ya watu watano. Msichana aliyenitangulia aliomba kapsuli za chunusi, za nusu mwezi tu, kwa sababu pesa haikutosha. Muuzaji akachukua makasi, akaikata karatasi ya vidonge katikati, akamfungia ile nusu kwenye bahasha ndogo ya kaki na kuandika 1x1. Boksi, na karatasi ya maelezo iliyokunjwa ndani yake, akavirudisha kwenye rafu.