Punda Alijua Kusoma

Tukizungumzia riwaya za distopia, yaani za jamii ya kubuni inayokandamizwa na watawala wake, wengi hukumbuka moto kwanza. Hukumbuka wazimamoto wa Fahrenheit 451, riwaya ya Ray Bradbury ya mwaka 1953, ambao kazi yao ni kuchoma vitabu. Mimi naona moto ndio sehemu nyepesi ya habari hizo. Kitabu kikichomwa, angalau kila mtu kaona moshi. Ninachokiogopa zaidi ni propaganda, maana ikishawaingia watu, mdhibiti, yule anayezuia watu wasisome wala kusikia, hana tena haja ya kiberiti. Wenyewe watakana walichokiona jana.

George Orwell alilionyesha hilo mwaka 1949 kwa kitu kidogo sana: chokoleti. Katika Nineteen Eighty-Four serikali inatangaza kwamba mgawo utashushwa kutoka gramu 30 hadi 20 kwa wiki. Kesho yake watu wanaandamana kushukuru kwa kuongezewa mgawo hadi gramu 20. Magazeti ya zamani yamesharekebishwa, nakala za awali zimeteketezwa, na anayebaki na kumbukumbu anaanza kudhani akili yake ndiyo yenye hitilafu.

Lakini kitabu ninachopenda kuwapa vijana hapa Kigoma ni kile kingine chake, Shamba la Wanyama, katika tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967. Humo wanyama wanamfukuza mwenye shamba na kuandika amri zao ukutani, kisha nguruwe wanageuka watawala. Tulikuwa tukikisoma kwa sauti barazani, mtaani kwetu Mwanga, tukafika pale nguruwe wanapohamia vitandani na amri ya ukutani inakutwa imeongezwa maneno: kumbe kilichokatazwa ni kitanda chenye mashuka. Binti wa dada yangu, yuko kidato cha tatu, akanikatiza. “Anko, si punda anajua kusoma? Mbona hawaambii wenzake?”

Watu hulaumu nguruwe, hucheka kondoo, humlilia Boxer, farasi mchapakazi anayeuzwa akishachoka. Punda Benjamin huachwa apite kama mzee mwenye busara. Mimi simwachi. Anasoma sawasawa na nguruwe yeyote, ila anasema haoni cha maana cha kusoma. Siku anayopaza sauti, gari limeshampakia Boxer, na ubavuni limeandikwa kuwa ni la mchinja farasi. Baadaye msemaji wa nguruwe anaeleza kwamba gari lilinunuliwa na daktari wa mifugo ambaye hajapata nafasi ya kufuta maandishi ya zamani. Wanyama wanashusha pumzi. Msemaji huyo hakuwaambia kwamba hawakuona maandishi. Aliwapa namna ya kuyaelewa ili usiku walale.

Mtu atasema punda aliogopa mbwa wanaowalinda nguruwe. Hapana. Alikuwa amenyamaza tangu siku za mwanzo, kabla mbwa hawajatokea hadharani. Kilichomfunga mdomo mwanzoni ni kule kujiona kwamba yeye ameshaijua dunia na haibadiliki.

Sisi wa Kigoma haya si ya vitabuni tu. Mei 2015, siku zile za jaribio la mapinduzi lililoshindwa Burundi, redio binafsi zilizokuwa zikisikilizwa sana zilishambuliwa, na Radio Publique Africaine ikachomwa moto. Wiki hizo hizo maelfu ya watu waliokimbia Burundi walijazana Kagunga, kijiji cha mpakani ziwani, meli ya MV Liemba ikawa inawaleta mjini Kigoma, wanapitia uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Waandishi waliofungiwa redio waliendelea kurusha habari kwa sauti fupi fupi mitandaoni. Huo ndio udhibiti, na tuliona jinsi watu walivyoukataa. Upande wa pili, ule wa propaganda, tuliuona pia kwa jirani: Rwanda mwaka 1994 hakuna aliyeifunga redio ya chuki RTLM, ikaendelea kuwaita Watutsi mende mpaka majirani wakashika mapanga.

Ndiyo maana sichukulii kirahisi kinachopita kwenye kundi letu la WhatsApp la mtaa. Hivi karibuni iliingia sauti isiyo na mwenyewe, ikidai wakimbizi wanaotoka makambini ndio wanaovunja nyumba usiku. Haikutaja nyumba, wala mtaa, wala siku. Humo kundini wamo walimu, wamo wauguzi, wamo wastaafu wenye heshima zao. Wengine waliweka emoji ya masikitiko. Wengine wakaisambaza. Waliobaki kimya ndio walionikera zaidi, kwa sababu nawajua, na najua hawakuiamini.

Nikaandika: ni nyumba ya nani iliyovunjwa, lini, na aliyerekodi ni nani? Hakuna aliyejibu kundini. Jioni ndipo ujumbe ukaanza kuniingia pembeni, mmoja baada ya mwingine: umesema kweli jirani, hata mimi nilishangaa, hongera kwa ujasiri. Niliwajibu wote jambo moja, kwamba nashukuru, lakini maneno hayo wayaandike kule kule kundini, chini ya ile sauti, mahali ambapo mama wa Kirundi anayetuuzia mboga atayaona.